SOMO LA WAKULIMA: PETE MOJA KATIKA KARAFUU ZETU NA CHAI YA TUKUYU



Kwa nini jani la chai hugeuka kabisa baada ya kuchumwa, na mafuta ya karafuu hudumu na harufu yake? Jawabu limo katika kitu kidogo mno kiitwacho pete ya benzeni. Kimo katika karafuu tuzianikazo Unguja na Pemba, na kimo pia katika chai wailimayo wenzetu wa wilaya ya Rungwe, kule Tukuyu kwenye baridi na mvua nyingi.

Benzeni yenyewe ni maji maji yasiyo rangi, yawakayo upesi, na huchemka katika joto la digrii 80 za Sentigredi. Michael Faraday aliigundua London mwaka 1825. Ina atomi 6 za kaboni na 6 za haidrojeni. Wataalamu walisumbuka kujua zimepangwaje, hata mwaka 1865 August Kekulé, Mjerumani, aliposema kwamba kaboni zile zimeshikana kwa duara, kama watoto wachezao. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alionyesha kwa miale ya eksirei kuwa pete ile ni bapa na pande zake 6 zimelingana. Sababu ni kuwa elektroni 6 za pete si mali ya kaboni hii wala ile, bali ni za shirika. Ushirika huo ndio nguvu yake.

Kwa ajili hiyo, benzeni haikubali kuongezewa kitu kwa urahisi. Ukiitilia bromini pamoja na kichocheo cha chuma, hutoa haidrojeni moja ikaweka bromini mahali pake. Hubadilishwa mmoja, na duara halivunjiki.

Sasa tutazame chai. Jani lina vitu viitwavyo katekini, ambavyo pete zake hubeba oksijeni zenye haidrojeni, jirani kwa jirani. Jani likisagwa, kimeng'enya kilichomo humo hukutana na katekini na hewa. Haidrojeni za majirani wawili huondolewa, na pete huungana upya, zikatoa rangi nyekundu na ladha ya chai tuijuayo. Katika kiwanda kama kile cha Katumba, karibu na Tukuyu, kazi hii huachwa kwa muda maalumu, kisha husimamishwa kwa hewa ya moto. Lakini mkulima akilishindilia jani kapuni likaumia na kupata joto, kazi huanza njiani, na chai hushuka daraja. Ndiyo maana jani hupelekwa kiwandani siku ile ile.

Katika karafuu, kitu kikubwa cha mafuta ni yujenoli. Pete yake ina oksijeni moja tu yenye haidrojeni. Jirani yake naye ni oksijeni, lakini ameshikwa na kaboni badala ya haidrojeni. Basi kimeng'enya hakipati majirani wawili wa kunyang'anya, na mafuta husalimika. Tofauti ndogo hiyo ndiyo iliyoyatia mafuta yetu thamani.

Hata hivyo tusijisahau. Hewa na mwanga huyatia mafuta weusi polepole. Yafaa yawekwe katika chupa iliyojaa, iliyozibwa, mahali pa giza. Na karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha bila kuanikwa, hupata joto, huvunda, hupauka na kukunjamana, na bei huanguka. Zichambuliwe makonyo na kutandazwa jamvini mapema. Mwenzetu wa Rungwe hukimbilia kiwandani. Sisi tukimbilie jua.

Neno la mwisho ni la hadhari. Asije mtu akadhani kuwa benzeni haina madhara kwa sababu pete yake imo katika karafuu. Benzeni yenyewe huleta saratani ya damu, nayo imo katika petroli. Tusinawe mikono kwa petroli, wala tusiweke dumu lake katika ghala la karafuu. Pete ni moja, lakini kilichofungwa katika pete ndicho kigawacho dawa na sumu.