Kabla ya Kuongeza Pumba Kwenye Plastiki

Mbao ya plastiki yenye pumba za mpunga ikivunjika, tazama kwanza pale ilipovunjikia. Ukiona vishimo laini ambamo chembe za pumba zimechomoka zikiwa safi, plastiki haikuzishika. Ukiona matundu ya mviringo kama ya mkate, hayo ni mvuke uliokosa pa kutokea. Kasoro hizi mbili ndizo huharibu kazi nyingi, na hakuna hata moja inayoponywa kwa kubadilisha uwiano wa pumba na plastiki.

Tuanze na maji. Pumba, unga wa mbao au nyuzi za mkonge zilizoanikwa juani huonekana kavu, lakini hubaki na unyevu unaoweza kufika asilimia 10 ya uzito. Ndani ya mashine ya kuyeyushia plastiki unyevu huo hugeuka mvuke. Zikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 105, upime uzito kila baada ya muda, na usisimame mpaka uzito uache kupungua. Kisha zichanganye zingali na joto, au uzifungie kwenye pipa lisilopitisha hewa. Ukiziacha wazi usiku kucha, hasa Tanga au Dar es Salaam kwenye hewa nzito ya pwani, zitanywa unyevu upya na kazi yote ya jana imepotea.

Kushikana ni jambo la pili. Mmea hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo panahitajika kiunganishi cha kuvipatanisha: plastiki iliyopandikizwa maleiki anihidiridi. Asilimia 2 hadi 5 ya uzito wote hutosha. Ya polipropilini itumie kwa polipropilini, ya politheni kwa politheni. Na kama unatia zinki stearati ili mchanganyiko uteleze, iondoe, kwa sababu hudhoofisha kazi ya kiunganishi hicho. Tafuta kilainishi kisicho na metali. Watu hununua kiunganishi kwa bei kubwa kisha wanakiua wenyewe kwa stearati, na hilo linasikitisha.

Mkonge unafaidika pia ukilowekwa kwenye maji yenye kostiki soda asilimia 5, ukasuuzwa mpaka utelezi wote uishe, ndipo ukaushwe. Vaa glovu na miwani, na mimina soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Nyuzi zikate ziwe za milimita chache. Ndefu hujisokota kwenye parafujo ya mashine.

Joto lisipite nyuzi 200, maana hapo mmea huanza kuungua, rangi hukolea na nguvu hupungua. Ndiyo sababu chupa za maji ya kunywa hazifai hapa: plastiki yake huyeyuka karibu na nyuzi 250. Tumia madumu, ndoo na vifuniko. Ukitilia shaka, tia kipande kwenye maji: politheni na polipropilini huelea, plastiki ya chupa hizo na ya mabomba ya PVC huzama.

Ukitumia pumba za mpunga, kagua parafujo mara kwa mara, kwani silika iliyomo hula chuma.

Kila mkupuo, kata vipande vya ukubwa mmoja, vipime, vizamishe majini saa 24, vifute, upime tena. Ongezeko la uzito likiwa kubwa kuliko la mkupuo uliopita, rudi kwenye oveni na kiunganishi kabla hujagusa uwiano.