Siku tatu bonde la Kilombero

SWALI: Mimi na mke wangu tuna likizo ya siku tatu mwezi Agosti. Tumechoka na fukwe. Bonde la Kilombero lina nini cha kuona?

JIBU: Fikieni Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu tu, basi msisahau viatu vyenye meno. Siku ya kwanza pandeni Maporomoko ya Sanje, yanayoanguka karibu mita 170. Njiani tulieni, sikilizeni: huenda mkamwona mangabei wa Sanje, nyani asiyepatikana kwingine duniani, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Mke wako akichoka, bwawa la chini linatosha kuogelea. Maji ni baridi hasa.

Kesho yake teremkeni Ifakara. Zamani Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, leo kuna daraja. Siku ya tatu mimi ningekaa ukingoni alfajiri, kuwatazama wavuvi Wandamba wakisukuma mitumbwi yao ya gogo kwa upondo. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Wali wa Ifakara kwa samaki wa mtoni, hilo halihitaji maelezo.