Kuchagua Kamera: Ubora wa Picha na Raha ya Kuitumia

Mtu anapotaka kununua kamera, swali lake la kwanza huwa ni kama inatoa picha safi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Shule yenye fedha za kamera moja tu haina nafasi ya kukosea: kamera isiyokaa vizuri mkononi huishia kabatini, na wanafunzi hawajifunzi lolote.

HESABU YA UBORA

Picha ya kidijiti hujengwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Tuchukue picha ya sm 15 kwa sm 10, iliyochapishwa kwa pikseli 120 katika kila sentimita. Urefu wake una pikseli 1,800 na upana 1,200. Zikizidishwa tunapata 2,160,000. Kamera ya pikseli milioni 24 inazidi haja hiyo zaidi ya mara 11. Basi kwa picha za kadiri hiyo, wingi wa pikseli si hoja tena. Yafaa tupime mambo mengine.

MAMBO MATATU YA KUPIMA

(a) Mshiko na uzito. Kamera nzito huchosha, lakini iliyo nyepesi mno hutikisika upesi, kwa kuwa tungamo ndilo linalokinza badiliko la mwendo. Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack wa Ujerumani na kuanza kuuzwa mwaka 1925, ilipendwa kwa kuwa ndogo na rahisi kubebwa.

(b) Kitazamio. Katika jua kali, kioo cha nyuma ya kamera hakionekani vyema. Kitazamio cha kuwekea jicho huzuia nuru ya pembeni. Tena kamera ikiegemea uso, hutulia zaidi.

(c) Vidhibiti. Shata ni pazia linalopitisha nuru kwa muda maalumu. Ukibadili muda huo kutoka 1/125 ya sekunde hadi 1/250, nuru hupungua nusu. Ukizungusha pete ya lenzi kutoka namba 8 hadi 5.6, tundu hupanuka na nuru huongezeka mara mbili. Hivyo filamu au kihisio hupokea nuru ile ile. Mwanafunzi anayezungusha vidhibiti hivyo kwa vidole vyake huielewa kanuni hii mapema. Ndiyo maana Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, ilitumiwa sana kufundishia. Shata yake hufanya kazi bila betri, ambayo huhitajiwa na kipima nuru tu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ishike kamera, itazamie, na uzungushe vidhibiti vyake bila kuvitazama. Vidole vikivipata upesi, hiyo yafaa.

ZOEZI

1. Picha ya sm 30 kwa sm 20 inahitaji pikseli ngapi, kwa kipimo kile kile?

2. Shata ikibadilishwa kutoka 1/60 hadi 1/250, pete iliyo kwenye namba 11 ipelekwe wapi?

(Majibu: 1. 8,640,000. 2. Namba 5.6.)