Ua la Usambara na Fuko: Somo la Kulinganisha Viumbe

Somo la kulinganisha viumbe huharibika mara nyingi katika dakika tano za kwanza. Mwalimu huchora jedwali ubaoni, nao wanafunzi huanza kutaja: ua lina majani, fuko ana meno, ua halitembei, fuko hutembea. Yote ni kweli, wala hakuna aliyejifunza kitu. Kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe. Kabla ya jedwali yapasa liwepo swali, nasi twapendekeza hili: kwa nini kiumbe kimoja ni adimu, na kingine huonekana mashambani kila msimu?

Ua tulilolichagua ni Saintpaulia, lenye rangi ya zambarau na majani ya manyoya laini. Kwa asili humea katika misitu ya Tanzania na Kenya, hasa milimani Usambara, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu. Mizizi yake hushika udongo haba uliomo katika nyufa za mawe. Miti ikikatwa, jua huufikia mwamba na mmea hukauka.

Fuko naye huchimba kwa meno ya mbele, midomo ikifumbika nyuma ya meno hayo ili udongo usimwingie kinywani. Chakula chake ni mizizi na viazi. Msitu ukigeuzwa shamba la muhogo, jua halimfikii shimoni, na chakula amekwisha kupandiwa. Panga lile lile lililoliondolea ua makao limemwandalia fuko karamu. Jambo hili wanafunzi waachwe waligundue wenyewe, hata kama kipindi kitapita katika ubishi.

Huenda mmoja akauliza: mbona ua hili limejaa vyunguni mijini? Swali hilo lisikwepwe. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka Ujerumani, na leo hupandwa majumbani duniani kote. Ni porini ndiko lilikoadimika.

Kuhusu zana, wanafunzi wasitumwe kamwe kung'oa ua msituni. Tutakuwa tumefundisha kinyume cha somo. Kwa fuko latosha tuta la udongo alioufukua, ingawa wavulana watapendelea mtego. Kwa ua, likatwe jani moja la mmea wa chunguni pamoja na kikonyo chake, lichomekwe katika udongo wenye unyevu, liwekwe kivulini. Kuchipua huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo lipandwe muhula unapoanza.