Umepata Viza? Vidokezo kwa Mwanafunzi wa Meru na Embu Anayekwenda Ng'ambo

Harambee imefanywa, kanisa limekuombea, shangazi wa Runyenjes amekununulia sweta na mjomba wa Nkubu ameahidi kukufikisha uwanja wa Jomo Kenyatta kwa Probox yake. Vyuo vingi vya ng'ambo hufunguliwa kuanzia Septemba. Kabla hujafunga begi, soma haya. Ukifika huko utadhani wenyeji hawana adabu hata kidogo, nao watadhani vivyo hivyo kukuhusu. Adabu wanayo, ila wameiweka mahali ambapo wewe hujazoea kuitafuta.

1. Miraa ibaki Maua, muguka ubaki Mbeere.
Kwetu Meru fungu la miraa ni heshima. Bila fungu la posa, yaani ncoolo, hata mazungumzo ya ndoa hayajaanza. Ukishuka nalo Heathrow, umevunja sheria. Uholanzi ilipiga miraa marufuku Januari 2013, na Juni 2014 Uingereza ikafuata, ikaiweka kwenye daraja C la dawa za kulevya. Kabla ya hapo mzigo ulipaa kutoka Nairobi hadi London kihalali, na huenda karo ya baba yako ilitoka kwenye mzigo huo. Ndiyo maana utamsikia mzee akisema, "Peleka tu, hakuna shida." Mheshimu mzee, lakini habari zake zimepitwa na wakati. Akija jirani na "kifurushi kidogo tu" cha binamu yake aliye Birmingham, kataa, hata kama alichanga harambee. Na usikimbilie kuwalaumu wazungu: Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku ya muguka, na huko hata viza huhitaji.

2. Zawadi ibebe, nyama iache.
Mama atataka kukufungia nyama ya kukaushwa na maziwa ya mgando. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria wanaotoka Kenya kuingia na nyama wala maziwa. Nduma nazo zinataka cheti cha afya ya mimea. Ndizi, ajabu ya Mungu, zinapita bila cheti, kwa hiyo watu wa Imenti wana bahati yao. Zawadi salama kwa mwenyeji wako ni pakiti ya majani ya chai kutoka milima yetu. Mwambie kwamba majani hayo yamechumwa karibu na kwenu na hutakosa la kuzungumza jioni nzima. Ila usishtuke akiyanywa bila maziwa.

3. Ukikaribishwa, kubali mara ya kwanza.
Hapa ndipo wengi hulala njaa. Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa chai; chai inakuja. Akisema ameshiba, mama mwenye nyumba anacheka na kuongeza kikombe, kwa sababu kila mtu anajua kwamba "nimeshiba" ya kwanza ni ya heshima tu. Sasa peleka "nimeshiba" hiyo Manchester. Mwenyeji anakuuliza kama utakula keki, unasema hapana asante huku ukitazama sakafu, naye anafunika keki na kuendelea na habari za mvua. Si mchoyo. Kwake, kumshurutisha mtu kula ndiko kukosa adabu. Basi sema ndiyo, na ukitaka ya pili, omba.

Jambo jingine ni kwamba "twende tukale" mara nyingi haimaanishi "nitalipa". Uholanzi na Ujerumani ni kawaida kila mtu kulipa chake, hata kati ya marafiki wa damu, na hakuna anayenuna. Na usimtembelee mtu ghafla kama unavyopita kwa jirani kule Kianjai. Huko hodi hupigwa kwa simu, siku kadhaa kabla.

4. Nthaka, ingia jikoni.
Wewe kijana uliyetoka jandoni na kuambiwa kwamba jiko la mama si pahali pako tena, sikiliza. Jiko la hosteli ni la pamoja, halina mama, na sufuria uliyoiacha kwenye sinki itapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la nyumba nzima. Jifunze kupika vitu vitatu kabla ya kuondoka. Chapati zipike ukiwa umefungua dirisha: moshi ukigusa king'ora cha moto, jengo lote litatoka nje na nguo za kulalia, na kesho yake hakuna atakayeuliza jina lako, maana watakuwa wanalijua.

5. Mtazame mhadhiri machoni.
Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni malezi mema Embu. Huko watadhani unaficha kitu. Uingereza wahadhiri wengi watataka uwaite kwa jina la kwanza. Ujerumani usithubutu mpaka uambiwe.

6. Salamu zina mahali pake.
Kwenye treni ya London usimsalimu kila abiria. Lakini ukiingia chumba cha kungojea daktari Ujerumani, wasalimu wote waliokaa, na uwaage ukitoka. Hapo utajihisi uko nyumbani.

7. Kampala na Dar pia ni ng'ambo.
Wakenya wengi husomea Uganda na hujisahau. Mwanamke wa Kiganda akipiga magoti kusalimu, pokea salamu kwa utulivu, usimwinue. Dar es Salaam, anza na shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, halafu ndipo uombe unachotaka, tena kwa sauti ya chini. Ile haraka yetu ya stendi ya Makutano inawachoma masikio.

8. Shida yako iseme mwenyewe.
Kwetu neno zito hupitia kwa mzee au mjumbe. Chuoni hakuna mjumbe. Karo ikichelewa au ukiugua, iandikie ofisi ya wanafunzi barua pepe fupi mapema, kabla tarehe haijapita.

9. Wafundishe wa nyumbani saa zako.
Kwa aliye Uingereza, Kenya iko mbele kwa saa mbili wakati wa kiangazi, na saa tatu baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mama akishamaliza kukama saa kumi na mbili alfajiri na kukumbuka kukupigia, kwako, msimu wa baridi, ni saa tisa usiku. Pokea tu.