Uwezekano: Kanuni ya Kujumlisha

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika mada hii kwa sababu ya haraka. Wakiona neno "au", hujumlisha sehemu mbili na kuhamia swali linalofuata. Fuata mifano hii ukiwa na kalamu na karatasi.

Mfano wa 1

Darasa lina wanafunzi 40. Wanafunzi 28 wamewahi kupanda treni Kilosa, 24 wamewahi kupita Mikumi kwa basi, na 16 wamefanya yote mawili. Mwanafunzi mmoja akichaguliwa bila upendeleo, kuna uwezekano gani kwamba amewahi kupanda treni au kupita Mikumi?

Ukijumlisha tu, unapata 28/40 + 24/40 = 52/40. Simama hapo. Uwezekano hauzidi 1. Darasa la watu 40 limetoa wapi watu 52? Wale 16 umewahesabu mara mbili: kwenye treni, kisha kwenye basi. Waondoe mara moja tu, kwa kuwa nao wanastahili kuhesabiwa.

28/40 + 24/40 − 16/40 = 36/40 = 9/10

Hakiki kwa mchoro wa Venn: treni tu 12, yote mawili 16, Mikumi tu 8. Jumla ni 36. Wanafunzi 4 wanabaki nje ya duara zote mbili.

Kanuni

P(A∪B) = P(A) + P(B) − P(A∩B)

Kumbuka: katika hisabati, "A au B" maana yake ni A, au B, au yote mawili.

Mfano wa 2: Matukio yasiyoweza kutokea pamoja

Barabara kuu ya Dar es Salaam–Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hivyo abiria huona wanyama wakiwa ndani ya basi. Chukulia kwamba uwezekano wa mnyama wa kwanza kuonekana kuwa twiga ni 1/4, na kuwa pundamilia ni 3/10. Mnyama mmoja hawezi kuwa twiga na pundamilia, kwa hiyo P(A∩B) = 0.

1/4 + 3/10 = 5/20 + 6/20 = 11/20

Angalia maneno ya swali. Kama lingeuliza kuhusu kuona twiga au pundamilia katika safari nzima, wote wawili wangeweza kuonekana, na ungelazimika kutoa.

Mfano wa 3: Kutafuta P(A∩B)

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya mto Mkondoa yaliharibu reli ya kati wilayani Kilosa. Mvua kubwa inaweza pia kufunga barabara. Mfanyabiashara wa Kilosa anataka kupeleka mahindi Dar es Salaam kwa treni, au kwa lori kupitia Mikumi. Chukulia kwamba katika siku moja ya masika uwezekano wa reli kufungwa ni 3/10, wa barabara kufungwa ni 1/4, na wa angalau njia moja kufungwa ni 2/5. Kuna uwezekano gani kwamba mzigo utakosa njia kabisa?

Mzigo unakosa njia pale tu reli na barabara zinapofungwa siku hiyohiyo. Swali linataka P(A∩B).

2/5 = 3/10 + 1/4 − P(A∩B)

P(A∩B) = 6/20 + 5/20 − 8/20 = 3/20

Atakayechanganya "au" na "na" atamwambia mfanyabiashara huyu kwamba uwezekano wa kukwama ni 2/5, yaani 8/20. Huenda akaahirisha safari bila sababu ya kutosha.

Zoezi

Kati ya kaya 50, kaya 30 hulima mahindi, 25 hulima ufuta na 12 hulima yote mawili. Kaya moja ikichaguliwa bila upendeleo, kuna uwezekano gani kwamba hailimi zao lolote kati ya hayo?

Jibu: P(mahindi au ufuta) = 30/50 + 25/50 − 12/50 = 43/50. Kwa hiyo, 1 − 43/50 = 7/50.