Kujitegemea kisheria kabla ya miaka 18: California inataka nini

Kijana wa California anayetaka mahakama imtambue kama mtu mzima kabla hajatimiza miaka 18 huanza vibaya akianza na malalamiko dhidi ya wazazi. Jaji hapimi nani mwenye haki katika ugomvi wa nyumbani. Anataka kujua kama una pa kulala na kama unajilipia.

Sheria ya familia ya jimbo hilo inadai uwe na umri usiopungua miaka 14. Uwe tayari unaishi mbali na wazazi kwa hiari yako, nao wameridhia au wamekuacha bila kukupinga. Usimamie fedha zako mwenyewe. Na kipato chako kisitokane na uhalifu. Hata hayo yote yakitimia, jaji atakataa akiona uamuzi huo utakudhuru.

Wengi hukwama kwenye kuishi mbali. Huwezi kukaa kwenu ukisubiri amri ya mahakama ndipo uhame. Ukitoroka nako, huku mama anakutafuta kwa msaada wa polisi, utasemaje ameridhia? Zungumza na wazazi kwanza, hata kwa kumtanguliza mjomba au shangazi. Saini yao ya kukubali hurahisisha kazi mno.

Ombi huandikwa kwenye fomu EM-100 na kupelekwa Mahakama Kuu ya kaunti unayoishi. Kuna ada, asiyeimudu hujaza FW-001 aombe msamaha wa malipo. Lakini fomu ya kuumizia kichwa ni EM-115, ya mapato na matumizi. Andika kodi, chakula, nauli, simu, bima, vyote kwa mwezi, kisha uone kama mshahara unavifikia. Kwa kodi za Los Angeles, kibarua cha wikendi hakitoshi, na jaji anazijua kodi hizo kuliko wewe. Kusanya hati za mshahara, barua ya mwajiri na ya mwenye nyumba. Usipambe hesabu, maana unatia saini chini ya kiapo. Wazazi hupewa taarifa, isipokuwa ukionyesha hawapatikani au kuna sababu nyingine ya kutowaarifu.

Ukikubaliwa, utaweza kupanga nyumba kwa jina lako, kuridhia matibabu yako, kushtaki na kushtakiwa. Wajibu wa wazazi kukutunza nao unakoma siku hiyo, jambo ambalo vijana husahau kulipigia hesabu. Shule bado ni lazima, kura inasubiri miaka 18 na pombe 21. Ukiishiwa kabisa, ukakosa njia ya kuishi, mahakama inaweza kulifuta tamko lake.

Usizichukue kanuni hizi ukazitumia kwingine. Texas inataka miaka 17, au 16 kwa anayeishi mbali na wazazi; New York haina sheria maalumu ya ombi la namna hii.

Na kama unapigwa au kudhalilishwa, usianze na fomu. Piga simu kwa idara ya ulinzi wa watoto ya kaunti yako. Kwa aliye Kenya au Tanzania, namba ni 116, bila malipo.

Kwa wengine, mahakama za California zina vituo vya kuwasaidia wasio na mawakili, navyo havitozi kitu. Pita hapo kabla ya kuwasilisha chochote.